TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 14: Nyumba ya pili kibanjani ni ya nani?



Ndugu zangu, jana baada ya futari kijana mmoja alinisubiri nje ya msikiti. Ametunza hela ya kahawa tangu msimu uliopita, na sasa anataka kumjengea mama yake nyumba ya tofali za kuchoma, palepale kibanjani, nyuma ya ile ya zamani. Aliomba dua, nikamwombea. Halafu nikamuuliza, "Hiyo nyumba itakuwa ya nani?" Akacheka. "Sheikh, si nimesema ya mama?"

Nikacheka naye, lakini usiku sikulala vizuri, maana jibu hilohilo niliwahi kulitoa mimi.

Miaka tisa iliyopita nilimjengea mama yangu nyumba kijijini kwetu, upande wa Kyerwa. Mzee alikuwa ameshafariki na kibanja kilikuwa bado hakijagawanywa. Tuko watano, wanaume wawili na wanawake watatu. Tuling'oa migomba kadhaa, fundi akachimba msingi, na bati tukapiga kabla ya masika. Siku ya kuhamia nilimkabidhi mama ufunguo mbele ya majirani, nikasema, "Mama, nyumba yako hii." Alilia. Watu wakaitikia amin.

Alikaa humo miaka sita. Alipofariki, dada yetu mkubwa, ambaye ndoa yake ilivunjika akarudi nyumbani na ndiye aliyemuuguza mama, alibaki ndani ya nyumba. Siku chache baada ya hitma nikajisikia nasema, "Lakini ile nyumba nilijenga mimi." Dada hakupandisha sauti. Aliuliza tu: "Kwani siku ile ufunguo ulimpa mama au ulimwazima?"

Jamani, mimi nafundisha mirathi! Watoto wangu wa madrasa wanajua kwamba hiba ni kutoa: ukishatoa na mwenzio akapokea, kitu kimetoka mkononi mwako. Wanajua kwamba ariya ni kuazima: mwenzio anatumia, mali inabaki yako. Zote mbili ni halali, na kumwazima mama nyumba nako kuna thawabu kubwa. Shida yangu ni kwamba sikuwahi kujiuliza nilikusudia ipi. Mama alipokuwa hai nilifurahia sifa ya mtu aliyetoa. Alipofariki nikataka haki ya mtu aliyeazima. Nilitaka kula kotekote.

Basi kwa kijana wangu, na kwa kila anayepanga kujenga kwao Nkwenda, Kaisho, Nyaishozi au Kayanga, haya ndiyo maswali matatu ambayo mimi sikuyauliza.

*1. Ardhi ni ya nani?*
Mimi niliomba ruhusa kwa mama na kwa kaka. Dada zangu sikuwauliza, eti wameolewa. Lakini mzee alipofariki, mama alikuwa na thumuni tu ya kile kibanja. Kinachobaki ni cha watoto, na dada zangu wamo. Suratun Nisaa aya ya 7 imeweka wazi kwamba wanawake wana fungu katika walichoacha wazazi, kiwe kidogo au kingi. Hata serikali imesema. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kesi ya mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, akasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume juu ya ardhi ya ukoo. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imebatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke umiliki au matumizi ya ardhi. Tunajua onyo la Mtume (s.a.w.) kwa anayechukua hata shubiri moja ya ardhi kwa dhuluma. Sasa msingi wa vyumba vitatu una shubiri ngapi?

*2. Nyumba ni ya nani?*
Chagua neno moja. Nimempa, au nimemwazima. Ukimpa, jua kwamba siku akiondoka nyumba inaingia kwenye mirathi kama mgomba na kama ng'ombe, na ndugu zako wote wana fungu.

*3. Nani anajua?*
Suratul Baqara aya ya 282 inatuamuru kuandika deni na kuweka mashahidi. Deni la laki mbili tunaliandika, nyumba ya mamilioni tunaiachia hewani? Kaeni ndugu wote, andikeni, mashahidi watie saini, nakala moja ibaki ofisi ya kijiji.

Najua mtakachosema. Kwetu, kumfuata mzazi na karatasi ni kama kumchulia kifo. Hilo nalielewa, na adabu ni wajibu. Lakini kukaa kimya hakumlindi mzazi. Kunauahirisha ugomvi mpaka siku ambayo yeye hayupo tena kuuamua. Mama yangu angetamka sentensi moja, tungemsikiliza wote watano. Kwa hiyo nenda kwa mzazi ukimheshimu kama hakimu wa nyumba yake: "Mama, tuambie unapenda tukaeje hapa." Mzazi akiulizwa hivyo anajiona bado ndiye mwenye mji.

Yetu iliishaje? Tulikaa wote watano kwenye mkeka, nikasema ukweli: nilimpa. Nyumba ikaingia kwenye mirathi, mafungu saba. Kaka mawili, mimi mawili, kila dada moja. Yaani mafungu mawili kati ya saba ya nyumba niliyoijenga kwa jasho langu. Sitawadanganya, iliniuma.

Dada bado anakaa mle. Fungu langu sikumpa. Nimemwazima akae bila kodi, na kwenye karatasi tumeandika neno hilohilo: *nimemwazima*. Ni neno dogo kuliko lile nililolitamka mbele ya majirani, lakini safari hii namaanisha.

*Kazi ya leo:* kabla ya Tarawehe, mpigie simu ndugu yako mmoja ambaye hukumuuliza.

Allah azitakase nia zetu, awarehemu wazazi wetu waliotangulia, na asizifanye nyumba tulizojenga kwa mapenzi kuwa sababu ya kukata udugu. Amin.

Wabillahi tawfiq.