Shahidi wa Chuma

Mtu anunuapo gari la mbio la zamani ili alitengeneze upya, huingiwa na tamaa mbili kwa wakati mmoja. Tamaa ya kwanza ni kuliona liking'aa kama lilivyong'aa siku ya kutoka kiwandani. Tamaa ya pili ni kujua kama ndilo lile lile lililotoka kiwandani siku hiyo. Tamaa hizi huonekana kama pacha, walakini tabia zao si moja. Ya kwanza huridhika kwa msasa, rangi na ngozi mpya ya viti; ya pili hairidhiki ila kwa ukweli. Nayo ya kwanza ikiachiwa kutangulia, aghalabu humla mwenzake. Katika insha hii nataka kuuliza kwa nini injini ya asili ya gari hutafutwa kwa bidii kubwa hivyo, na tena mwenye gari afanye nini asipoipata.

Tuchukue mfano ulio dhahiri. Mwezi wa Machi, 1961, kampuni ya Jaguar ya Coventry, Uingereza, ilionyesha huko Geneva gari liitwalo E-Type. Injini yake ya kwanza ilikuwa na silinda 6 na ujazo wa lita 3.8, mwezi wa Oktoba, 1964, ikafuatwa na ya lita 4.2. Bloki la injini hiyo lilikuwa la chuma cha kusubu, na silinda hedi yake ya alumini. Nambari ya injini ilipigwa chapa mahali pawili: juu ya bloki, karibu na chujio la oili, na juu ya hedi, upande wa mbele. Nambari hiyo iliandikwa tena katika kibati kilichotiwa ndani ya chumba cha injini, pamoja na nambari za chesisi, bodi na giaboksi. Mwisho wake palitiwa tarakimu, kama 8 au 9, iliyoeleza kadiri injini ile ilivyoshindilia hewa na petroli kabla ya kuwaka. Kiwanda nacho kilikuwa na daftari zake, na mwenye gari aweza kupewa hati itajayo nambari zilizotoka pamoja siku ya kwanza.

Basi mchunguzi ana mashahidi wanne: bloki, hedi, kibati na daftari. Kila mmoja ana udhaifu wake. Kibati huweza kung'olewa kikatiwa kingine. Hedi huweza kuhamishwa kutoka injini hii hata ile. Daftari haihongeki, lakini haijui lolote lililotokea baada ya gari kupita mlango wa kiwanda. Bloki ndilo shahidi aliyekuwapo safarini tangu mwanzo, kama kweli ndilo lililoanza safari. Na hilo ndilo neno linalotakiwa kuthibitishwa.

Kwa sababu hiyo wajuzi hawasomi nambari peke yake. Hutazama umbo la tarakimu, kina chake, mstari wake, na hali ya uso wa chuma zilipopigwa. Katika Corvette za Marekani za miaka ya 1960, mathalani, bloki lilikuwa na tarehe ya kusubiwa kwake iliyotokeza katika chuma chenyewe: herufi kutoka A mpaka L kwa mwezi, kisha siku, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. Tarehe ya kuunganishwa kwa injini ilipigwa mahali pengine. Injini haiwezi kuunganishwa kabla ya bloki lake kusubiwa, wala gari haliwezi kutoka kiwandani kabla ya injini yake. Mtoto hamtangulii mama yake. Mwongo aliyesahau kanuni hii ndogo hufichuliwa na hesabu ya siku.

Sasa yafaa tuone kwa nini uchunguzi huu hauna budi kutangulia matengenezo. Matengenezo, hata yakiwa mema, ni adui wa ushahidi. Rangi nene hujaza tarakimu. Mchanga urushwao kwa nguvu ya hewa ili kuondoa kutu hula alama nyembamba zilizoachwa na mashine za kiwandani. Katika Corvette hiyo hiyo, nambari ilipigwa juu ya uso ulio sawa na ule unaokaliwa na hedi. Fundi akipitisha mashine kuusawazisha uso huo, kwa nia njema kabisa, hufuta nambari pamoja na makovu. Kwa hiyo kukosekana kwa nambari si ushahidi wa wizi. Huenda ikawa ni alama ya fundi mwaminifu wa zamani aliyetaka injini isivuje tu, asijue kwamba siku moja watu watakuja kuuliza habari za uso ule.

Na tufikiri kwamba mwenye E-Type amefanya kama ipasavyo. Hakushika msasa, alishika kitambaa chenye mafuta ya taa, akapangusa oili iliyoganda, akapiga picha, akasoma. Nambari ya bloki si ile ya kibati wala ya daftari. Injini ni ya aina ile ile, ya kiwanda kile kile, labda ya mwaka ule ule. Ila si ile. Hapo njia tatu hufunguka mbele yake. Aweza kuitafuta injini ya asili mahali popote ilipo. Aweza kuitengeneza hii aliyo nayo, na kumwambia kila aulizaye kwamba injini ilibadilishwa. Au aweza kukwangua tarakimu chache kwa tupa na kupiga nyingine kwa nyundo, kazi isiyomaliza mchana mmoja, na thamani ya gari lake ikapanda. Njia ya tatu ni fupi, na ndiyo inayotaka kufikiriwa zaidi, kwa maana ina hoja zake.

Hoja ya kwanza ni ya wanafalsafa. Plutarch alieleza kwamba Waathene waliihifadhi merikebu ya Theseus kwa kutoa mbao zilizooza na kutia nzima, hata wenye hekima wakabishana kama ilikuwa ile au nyingine. Katika karne ya 17 Hobbes alilikaza fumbo hilo: je, mtu akizikusanya mbao kuukuu na kuunda merikebu ya pili, ya kweli itakuwa ipi? Kwa wenye magari hili si fumbo la barazani tu, kwa kuwa injini iliyotolewa katika gari moja huweza kuwa hai katika gari jingine. Mpiga nyundo husema: ikiwa wenye hekima wameshindwa kuamua kitu gani ni kile kile, mimi nakosa nini nikisaidia chuma kwa tarakimu tano?

Hoja hii ilikaribiana na mahakama mwaka 1990. Gari la Bentley lililojulikana kwa jina la Old Number One lilikuwa limeshinda mashindano ya Le Mans mwaka 1929 na mwaka 1930. Baadaye lilibadilishwa mara nyingi. Mwaka 1932 lilikuwa na injini ya lita 8 badala ya ile ya lita 6 na nusu iliyoshinda, na mwaka huo lilipata ajali katika uwanja wa Brooklands, Clive Dunfee aliyeliendesha akafa. Likajengwa tena kwa umbo jingine. Lilipouzwa kwa thamani ya pauni milioni 10, kampuni iliyokubali kulinunua ilikataa kumaliza biashara, ikidai kwamba gari hilo silo. Katika Mahakama Kuu ya Uingereza Jaji Otton aliona kwamba sehemu chache tu za gari la mashindano zilikuwa zimesalia, na kwamba haliwezi kuitwa la asili kwa maana kamili ya neno hilo. Hata hivyo aliamua kwamba ndilo Old Number One, kwa kuwa maisha yake hayakukatika, na hapakuwa na gari jingine lolote lililoweza kudai jina hilo. Wenye vyombo vya baharini hawatastaajabia hukumu hiyo; hakuna nahodha alikanaye jahazi lake kwa sababu limetiwa mbao mpya.

Lakini tazama hukumu hiyo ilisimama juu ya nini. Ilisimama juu ya habari: injini gani ilitoka, ipi iliingia, lini, na kwa sababu gani. Kama mtu angalipiga nambari za uongo ili mabadiliko yasionekane, jaji asingalipata uzi wa kuufuata, na gari lingalipoteza haki ya jina lake. Hapa ndipo hoja ya mpiga nyundo inapomgeuka. Kuna maswali mawili, naye ayachanganya kwa makusudi. Swali moja ni: Je, hili ni gari lile? Jingine ni: Je, hii ni injini ile? La kwanza hujibiwa kwa historia, na historia hustahimili mabadiliko. La pili hujibiwa kwa chuma, na chuma ama ni kile ama si kile. Gari lililobadilishwa injini laweza kuwa gari lile kwa haki kabisa. Injini iliyopigwa nambari ya nyingine haitakuwa nyingine hata milele.

Hoja ya pili ni ya sokoni. Mpiga nyundo husema: Nani ameumia? Gari latembea vile vile, mnunuzi amefurahi, upumbavu ni wa watu wanaolipia tarakimu. Nakiri kwamba upo upumbavu katika jambo hili. Wako watu walioifanya nambari sanamu ya kuabudiwa, wakaitupa injini iliyolichukua gari miaka 50 kwa ajili ya ile iliyolichukua miaka 8, kana kwamba utumishi wa mgeni si utumishi. Lakini upumbavu wa mnunuzi haugeuzi uongo wa muuzaji kuwa kweli. Mnunuzi hakulipia chuma tu. Alilipia neno la kuaminika juu ya chuma. Akipewa chuma bila neno, ameibiwa hata asipojua. Tena ameumia jirani ambaye gari lake ni safi, maana kila nambari ya bandia ikigunduliwa, nambari za kweli hutiliwa shaka. Na limeumia gari lenyewe, kwa kuwa habari yake ya kweli imeuawa: siku injini ya kwanza ilipopasuka, fundi aliyetafuta nyingine, na miaka yote liliyotembea kwa moyo wa kuazima. Hakuna aibu katika habari hiyo. Aibu imeletwa na aliyeificha. Wahenga husema mkataa kwao mtumwa; na aliyeipa injini asili isiyo yake ameifanya mtumwa wa bei.

Liko jambo la ajabu katika elimu ya madini linalofaa kuwa mfano. Nambari inapopigwa kwa nguvu, haikwaruzi uso tu. Hukandamiza chuma kilicho chini yake. Wachunguzi wa makosa wamejua tangu zamani kwamba, nambari ikifutwa kwa tupa, mara nyingine yaweza kuonekana tena kwa kupaka dawa kali ya tindikali, kwa kuwa chuma kilichokandamizwa huliwa tofauti na jirani yake. Si madini yote husomeka kwa wepesi huo, na tupa ikizama sana habari hupotea. Walakini mfano wabaki: kilichoandikwa kwa pigo la kweli huingia ndani kuliko macho yaonavyo.

Nawaandikia wanafunzi na wataalamu, ambao wengi wao hawatamiliki gari la namna hii. Lakini kila mmoja wetu hupewa vitu vya zamani avitengeneze. Mwenye kuhariri hati ya kale hukuta neno lililokosewa na mwandishi aliyelinakili. Mwenye kuandika tarehe ya mji wake hukuta pengo. Mwenye kusimulia habari za babu yake hukuta jambo ambalo angependa lisingalikuwapo. Sote hushikwa na hamu ya kung'arisha kabla ya kusoma. Kanuni ya gereji njema yatutosha: pangusa polepole, soma, andika ulichokiona kama ulivyokiona, ndipo ushike chombo cha kutengenezea. Ukisahihisha, onyesha uliposahihisha. Ukitia kipya, usikipe jina la cha kale.

Mwenye E-Type yule aweza kuchagua njia ya pili bila huzuni. Injini yake itafunguliwa, itasafishwa, itafungwa, nayo itanguruma kama nyingine yoyote ya aina yake. Katika bloki itabaki nambari isiyolingana na kibati, na katika daftari ya gari yake mwenyewe ataandika mstari mmoja kueleza tofauti hiyo. Mnunuzi wa baadaye atatoa pesa kidogo kuliko ambavyo angalitoa. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo gharama ya mstari ule, na mtu aijuaye gharama hiyo akakubali kuilipa amekwisha kuonyesha ubora wake kabla gari halijapakwa rangi.