Tunadaiwa Nini na Mtu Tusiyemjua?

Mwaka jana, wiki moja kabla ya mtihani, nilipata ujumbe kutoka nambari nisiyoijua. Nilikuwa nimeandika muhtasari wa riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, na wanafunzi walikuwa wakiutoa nakala na kupeana. Nambari yangu ya simu ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza. Ujumbe ulisema: "Samahani, wewe ndiye uliyeandika kuhusu Kazimoto? Naomba unijibu kitu kimoja. Mtu akishaona hakuna maana, ana sababu gani ya kuendelea?"

Ilikuwa imepita saa sita usiku. Kusema kweli nilifurahi kwa kuwa nimepata msomaji. Niliketi kitandani nikaandika jibu refu. Nilieleza udhanaishi ni nini, nikamtaja Albert Camus, ambaye mwaka 1942 aliliweka swali la kujiua mbele ya maswali yote ya falsafa, na ambaye mwenyewe alilijibu kwa kushikilia uhai. Nikautuma, nikazima data, nikalala. Asubuhi nikakuta jumbe mbili. Wa kwanza ulisema "Asante." Wa pili ulikuwa umetumwa saa tisa usiku: "Bado uko?"

Hapo ndipo nilipotambua kwamba lile halikuwa swali la mtihani. Nikapiga simu, ikawa imezimwa. Sitaki kumtia msomaji wasiwasi: kijana yule yu hai, na ameniruhusu niandike haya bila ya jina lake wala mji wake. Lakini asubuhi ile sikulijua hilo kwa muda wa saa nne, na insha hii imetokana na saa hizo nne. Swali langu ni hili: mtu aliyefika ukingoni mwa kujitoa uhai akimwendea asiyemjua kumwomba jibu, huyo asiyemjua anadaiwa nini? Nitajaribu kuonyesha kwamba deni lipo, ingawa linalodaiwa ni tofauti na nililolipa mimi usiku ule.

Mimi ni mzaliwa wa Chula, kisiwa kimojawapo cha visiwa vya Wabajuni kusini mwa Kismayu. Kwetu watu wanaishi kwa bahari. Vita vilipozuka mwaka 1991, bibi yangu alipanda chombo pamoja na jamaa zake kukimbilia Kenya, kama walivyofanya Wabajuni wengi. Husimulia kwamba maji ya kunywa yaliwaishia njiani, wakapiga ukelele, na dau la wavuvi wasiowajua likawajia. "Walitupa maji kwanza," husema bibi. "Majina wakauliza baadaye." Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi bila kuitilia maanani. Nimekuja kuielewa chuoni, nilipogundua kwamba desturi hiyo ya wavuvi ni sheria ya dunia nzima. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, katika kifungu cha 98, unazitaka nchi ziwalazimishe manahodha wa vyombo vyao kumsaidia yeyote anayeonekana baharini akiwa katika hatari ya kupotea. Nahodha haulizi kwanza ni wa kabila gani, wala kama kosa la kuzama ni lake mwenyewe. Kule baharini, mtu usiyemjua anakudai kwa sababu moja tu: umemsikia.

Sasa tutazame nchi kavu. Nchini Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichorithiwa tangu wakati wa ukoloni, kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na aliweza kufungwa hadi miaka miwili. Kwa hiyo aliyekuwa akizama alinyoshewa mkono wenye pingu. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba, kwa kuwa kinamvunjia mtu heshima yake ya utu na kumnyima haki ya afya. Uamuzi huo ni mkubwa. Lakini hofu iliyojengwa kwa vizazi haiondoki kwa siku moja, na mtu aliyezoea kusikia kwamba jambo lake ni la polisi hatalipeleka upesi kwa daktari.

Tena sheria ilikuwa sehemu tu ya ukuta. Sehemu nyingine ni aibu. Katika familia zetu jambo hili halitajwi. Likitokea, huambiwa watu kwamba marehemu aliugua ghafla. Na dini yetu, ambayo ingepaswa kuwa kimbilio, mara nyingi tunaifikisha kwa mtu nusu nusu. Aya ya 29 ya Surat An-Nisaa inakataza watu kujiua, na inamalizia kwa kukumbusha rehema ya Mwenyezi Mungu kwetu. Sisi husoma katazo tukasimama hapo. Anayeteseka husikia hukumu peke yake, akanyamaza.

Kwa hiyo tusishangae kwamba mtu hupeleka siri nzito kuliko zote kwa asiyemjua. Mgeni hatamwambia mama. Hatamtazama kwa jicho jingine kesho mezani. Na wako wengine ambao hawana ila wageni. Wabajuni waliofika Uingereza kuomba hifadhi walipaswa kuthibitisha mbele ya watu wasiowajua kwamba kweli wametoka visiwani. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji huko lilitoa uamuzi uliohusu hasa uwezo wa mwombaji wa kusema Kibajuni. Ninautaja mfano huu kwa sababu unatuonyesha kwamba wageni ni wa namna mbili. Kuna anayekuuliza apate kukupima, na kuna anayekuuliza apate kukujua. Usiku ule mimi nilikuwa karibu zaidi na yule wa kwanza. Nililipokea swali la kijana kama mwalimu anayesahihisha karatasi.

Kosa hili si langu peke yangu. Darasani tumejadili mara nyingi kujiua kwa Kazimoto katika Kichwamaji, na kwa Rosa katika Rosa Mistika. Tumeuliza kama ni ushujaa au woga, kama mwandishi anakubaliana na wahusika wake, kama jamii ndiyo ya kulaumiwa. Haya ni maswali ya maana. Lakini sikumbuki hata siku moja tukiuliza: ni nani ambaye Rosa angeweza kumwambia, na huyo angemjibu nini? Tumejifunza kusema juu ya mtu aliyekwisha kufa kuliko kusema na mtu aliye hai.

Je, basi, jibu ni lipi? Nimepata mwanga katika historia ya kasisi mmoja wa Kiingereza, Chad Varah. Mwaka 1935, akiwa kasisi kijana, aliongoza mazishi ya msichana mdogo aliyejiua. Msichana huyo alikuwa amevunja ungo, akadhani ile damu ni ugonjwa wa zinaa, na hakuwa na mtu wa kumwuliza. Mwaka 1953 Varah alifungua huduma ya simu katika kanisa lake jijini London, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Samaritans, akijitolea kuwasikiliza waliofikiria kufa. Watu walikuja wengi. Kwa kuwa yeye alikuwa mmoja, wasaidizi wa kujitolea waliwakaribisha waliokuwa wakingoja zamu, wakawapa chai na kuzungumza nao. Baada ya muda Varah akagundua kwamba wengi waliondoka wakiwa wamepata nafuu bila hata kuingia kumwona yeye. Mshauri alikuwa ndani. Msaada ulikuwa nje, kwenye chai.

Tuitazame hadithi hiyo vizuri, maana ina mambo mawili. Msichana wa mwaka 1935 alihitaji jibu hasa, maneno machache ya ukweli kuhusu mwili wake. Kuna nyakati ambapo maarifa huokoa, na kumnyima mtu maarifa ni dhuluma. Lakini wale waliongoja zamu walihitaji kwanza mtu wa kukaa nao. Aliyeulizwa hawezi kujua mbele yake yuko nani kati ya hao wawili mpaka naye aulize. Kwa hiyo deni la kwanza ni kuuliza, na kuuliza waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Wengi tunaogopa kwamba swali hilo litampandikizia mtu wazo. Watafiti wamelichunguza jambo hili, na hawakuona kwamba kuuliza kunaleta wazo hilo. Mara nyingi huwa ni mara ya kwanza mtu huyo kupata ruhusa ya kulisema.

Najua kuna pingamizi. La kwanza ni kwamba maisha ni ya mwenyewe, na mgeni hana haki ya kumzuia mtu mzima katika uamuzi wake. Ninaheshimu uhuru wa mtu, lakini anayeuliza bado hajaamua. Swali lenyewe ni sehemu yake inayotafuta pa kushika, na kumjibu ni kuiheshimu sehemu hiyo. Isitoshe, wengi wa walionusurika baada ya kujaribu kujiua hawafi kwa njia hiyo baadaye. Hili linatuonyesha kwamba uamuzi wa usiku mmoja si neno la mwisho la mtu juu ya maisha yake.

La pili ni kwamba sisi si wataalamu, na tunaweza kuharibu. Ni kweli. Na wako wageni wabaya wanaomchochea aliye ukingoni. Lakini mlango aliobishia ni wangu. Kama nitanyamaza kwa sababu sina cheti, nitakuwa nimewaachia nafasi hao wabaya. Tena ile sheria ya bahari ina busara hapa. Nahodha hutakiwa kuokoa kadiri awezavyo bila kukihatarisha vibaya chombo chake, mabaharia wake na abiria wake. Na kanuni za uokoaji zinataka aliyeokolewa afikishwe mahali salama. Hazimtaki nahodha aishi naye maisha yote. Vivyo hivyo, mimi si bandari. Kazi yangu ni kumfikisha bandarini: kwa jamaa anayemwamini, hospitalini, kwa Befrienders Kenya, au kwenye nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ambayo haitozwi pesa.

La tatu ndilo gumu, nalo ni siri. Kijana yule alipoipokea simu mchana, aliniambia kwamba usiku ule binamu yake, wanayeishi naye chumba kimoja, alirudi akiwa ametafuta chaja kila mahali. Akamkuta macho, wakazungumza mambo ya mpira mpaka alfajiri. Binamu hakujua lolote. "Na wewe usimwambie mtu," akasema. Nilikuwa nikimjua yule binamu, kwa maana ndiye aliyempa nakala ya muhtasari wangu. Nilimwomba tumwambie pamoja, akakataa. Nikamwambia kwamba basi nitasema mimi, na kwamba ninamwambia kabla ili asije akaona nimemzunguka. Akakata simu. Nikamwambia binamu, naye akamwambia mama mdogo wa kijana, na jioni ile ile akapelekwa kliniki.

Hakusema nami kwa wiki tatu. Nilijiuliza kila siku kama nilimkosea. Aliniamini kwa sababu mimi si wa kwao, nami nikaenda moja kwa moja kwa wa kwao. Bado ninaona kwamba nilivunja kitu cha thamani. Ila siri hutunzwa kwa ajili ya mwenyewe, na akifa haitunzwi tena kwa ajili ya yeyote. Kama ningelazimika kuchagua tena, ningefanya vivyo hivyo, na tena ningemwambia kabla.

Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwamba hiki ni sababu ya tatu ya vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29, yaani umri wetu sisi tunaosoma na kuandika insha hizi. Bila shaka yuko mwenzetu ambaye wiki hii ameshika simu akitafuta nambari ya mtu asiyemjua. Kama ni wewe msomaji, nakuomba umtafute mtu wa kukaa nawe usiku huu, hata kama ni wa kuzungumza naye mpira.

Kijana yule aliporudi kusema nami, nilimwomba radhi kwa lile jibu langu refu. Alicheka. Alisema alilisoma nusu tu, kwa kuwa muda wote alikuwa akitazama pale juu kwenye simu panapoonyesha kama mtu yuko hewani, akaona pamebadilika, nimeondoka. Sasa nalala bila kuzima data. Na lile swali lake la Kazimoto bado tunalijadili, mchana, yeye na mimi, na hatujakubaliana.