Jiwe la Hakimu na Sala ya Sayyidna Umar

Alhamdulillahi, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na aali zake na sahaba zake. Ama baad:

Ndugu zangu Waislamu, yasikizeni haya, kisha yapimeni kwa insafu.

Katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama huko Marekani, alikuwako hakimu mkuu akiitwa Roy Moore. Usiku wa tarehe 31 Julai 2001 alitia katika nyumba ya mahakama jiwe la itale lenye uzani wa ratili 5,280, lililochorwa Amri Kumi za Nabii Musa (A.S.); wala mahakimu wenziwe wanane hakuwashauri. Mawakili watatu wakashitaki. Hakimu wa serikali kuu akahukumu liondolewe, kwani katiba ya nchi ile, kwa nyongeza ya mwaka 1791, yakataza serikali kusimamisha dini yo yote, na yakataza pia kumzuilia mtu dini yake. Moore akakataa kutii. Jiwe likaondolewa tarehe 27 Agosti 2003, na mwezi wa Novemba yeye mwenyewe akauzuliwa.

Huenda mmoja wetu akauliza: "Kwani yaliyomo jiweni ni mabaya? Kutoua, kutoiba, kuwatii wazazi, si hata Kurani yaamrisha?" Kweli yaamrisha. Lakini suala si maandiko, ni mahali. Mlango wa mahakama huingia Mnasara, na Yahudi, na Muislamu, na asiye na dini, kila mmoja akitafuta haki yake. Akikuta hakimu ametangulia kumwonyesha dini yake, hana budi kujiuliza: Je, mizani hii ni yangu pia?

Sasa mtazameni Sayyidna Umar (R.A.). Yasimuliwa katika tarehe kuwa alipoipokea Baitul-Mukaddas, wakati wa sala ulimkuta ndani ya kanisa kuu la Wanasara. Akaombwa asali papo hapo. Akakataa, akatoka, akasali nje, kwa kuchelea Waislamu wa baadaye wasije wakalitwaa kanisa kwa hoja ya kuwa Umar alisali humo. Huyu alikuwa na nguvu na jeshi nyuma yake, naye akailinda sala yake isije ikawa mlango wa dhulma. Ni yupi aliyeitukuza dini: aliyeingiza jiwe usiku, au aliyetoka kanisani?

Tena fikirini. Tarehe 29 Novemba 2009 watu wa Uswisi walipiga kura, na 57.5 katika kila mia wakakataza kujengwa minara mipya ya misikiti. Tuliumia, na tulikuwa na haki ya kuumia. Lakini mwenye kusema kuwa walio wengi wana haki ya kuipamba serikali kwa dini yao, huyo hana ulimi wa kuwalaumu Waswisi.

Basi tudai uhuru wa adhana zetu, na zafa za maulidi yetu, na hijabu za binti zetu, kwa kuwa ni haki ya kila mwenye dini, wala si zawadi ya mwenye nguvu. Na mwenzetu akipewa kiti cha serikali, dini yake na ionekane kwa kutokula rushwa, na kwa kutompendelea mtu wa kwao. Hilo ndilo andiko lisiloweza kung'olewa na korti yo yote.

Wabillahi taufiq. Wallahu aalam.