Je, Mungu Amewasahau Watu Wake?

Liko swali moja ambalo mkatekumeni hulifikia siku moja, hata kama hakulikuta katika katekisimu yake. Akifiwa na mtoto, akiunguliwa na nyumba, au vita vikipita katika shamba lake, huuliza moyoni: Je, Mungu ananipenda kweli? Na kama ananipenda, kwa nini ameyaruhusu haya? Kuuliza hivyo si dhambi. Maandiko Matakatifu yenyewe yamelihifadhi swali hilo pamoja na jibu lake.

Katika kitabu cha Nabii Isaya, sura ya 49, aya ya 14 hadi ya 16, anayelalamika si mtu mmoja bali ni mji mzima. Mwaka 587 kabla ya Kristo majeshi ya Babeli yaliubomoa Yeruzalemu. Hekalu liliteketezwa, na watu wengi wakapelekwa uhamishoni. Ndipo Sayuni, yaani mji huo, ukasema kwamba Bwana ameuacha na kuusahau. Mungu haukemei kwa lalamiko hilo. Anauliza kama mama aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye. Na hata kama mama angesahau, Yeye hatasahau kamwe. Mji huo ameuchora katika viganja vya mikono yake, na kuta zake zi mbele yake daima.

Wakristo wengi huipenda aya hii. Lakini nguvu yake huonekana zaidi ikisomwa mahali ambapo kuta zimebomoka, maana watu wa namna hiyo ndio walioisikia kwanza.

Mji wa Kisangani, ulioitwa Stanleyville hadi mwaka 1966, umejengwa karibu na maporomoko ya mto, pale Wagenia wanapotega samaki kwa vikapu vikubwa vilivyofungwa kwenye miti. Tarehe 5 Juni 2000 majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalianza kupigana humo, yakapigana siku sita. Wajumbe wa Umoja wa Mataifa walieleza baadaye kwamba raia zaidi ya 760 waliuawa, wapata 1,700 walijeruhiwa, na nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibika. Shule 69 zilipigwa makombora, na kanisa kuu nalo likapata madhara. Watu 65,000 walikimbilia misituni.

Je, mtu aliyemzika ndugu yake juma lile aweza kuisoma aya ya Isaya bila kudhani kwamba inamdhihaki? Yafaa kujibu kwa uangalifu, kwa sababu yapo majibu mawili ya uongo ambayo huja upesi mdomoni.

La kwanza husema kwamba aliyepatwa na msiba amechukiwa na Mungu kwa ajili ya dhambi zake. Bwana Yezu mwenyewe alilikataa jibu hilo. Watu 18 walipoangukiwa na mnara wa Siloamu, alifundisha kwamba hawakuwa wakosefu kuliko wakaaji wengine wa Yeruzalemu. Basi mtu asithubutu kusema kwamba waliokufa Kisangani walipendwa kidogo kuliko waliopona. Makombora yale yalirushwa na wanadamu wenye akili na hiari, nao ndio watakaoulizwa.

La pili husema kwamba Mungu yu mbali, na kwamba yafaa kwenda kwa mganga ili aliyeleta msiba atajwe jina. Mwisho wake hujulikana vijijini. Bibi kizee asiye na kosa hushtakiwa uchawi na kufukuzwa nyumbani mwake. Basi msiba mmoja umezaa wa pili, na moyo wa aliyefiwa haukupata faraja.

Isaya anafundisha njia nyingine. Atazamwe yule mama. Mtoto anyonyaye hajamlimia mama yake shamba wala hajamtekea maji. Hana cha kulipa. Anapendwa kwa sababu ni wake. Kwa hiyo amekosea mkatekumeni anayedhani kwamba Mungu ataanza kumpenda siku ya ubatizo. Mungu alimpenda kabla hajajifunza ishara ya msalaba. Ubatizo humfanya mwana wa Mungu, na upendo uliotangulia ndio uliomwita aje kuupokea.

Lakini mtu atasema: Mama akikesha na mtoto mwenye homa, hana uwezo wa kuiondoa, Mungu anao. Mbona haiondoi? Hapo akili ya mwanadamu hufika ukingoni, na katekista asijifanye kujua lisilofunuliwa. Lililofunuliwa ni hili: Mungu hakukaa mbali akitazama. Mwana wake alikuja mahali mapigo yanapoanguka, akapigwa pamoja na waliopigwa. Alipofufuka angaliweza kuziondoa alama za misumari, asiziondoe. Alimwonyesha Toma mikono yake ikiwa nazo. Nabii alisema juu ya viganja vilivyochorwa, na Mkristo huviona viganja hivyo msalabani. Aya ile haiahidi kwamba nyumba haitabomoka. Inaahidi kwamba nyumba iliyobomoka, na aliyelala chini yake, havitoki mbele ya macho ya Mungu. Na mauti yenyewe haiwezi kumfanya asahau.

Tena aya hii ina wajibu ndani yake. Asiyesahauliwa asisahau wengine. Anayeamini kwamba Mungu amemchora kiganjani humpelekea mjane kuni, humlisha yatima, hukaa matangani hata siku ambayo wengine wamekwisha kurudi makwao, na hukataa kulitaja jina la jirani kuwa ni mchawi. Mara nyingi aliyefiwa hujua kwamba Mungu hakumsahau kwa kuwa mtu mmoja aligonga mlangoni mwake.

Maswali ya kujibu pamoja na katekista

1. Nabii Isaya asema ni nani aliyelalamika kwamba Mungu amemsahau?

2. Bwana Yezu alifundisha nini juu ya watu 18 walioangukiwa na mnara?

3. Je, Mungu humpenda mtu ambaye hajabatizwa? Eleza kwa mfano wa mama na mtoto.

4. Kijijini ni nani aliyesahauliwa na watu? Atatembelewa na nani juma hili?