Jumatatu: Wimbo Ulio Shahidi

Soma Kumbukumbu la Torati 31:19–22. Torati ilikuwa imekwisha kuandikwa na kukabidhiwa makuhani (Kumb. 31:9). Kwa nini basi Mungu alimwagiza Musa aandike na wimbo pia?

Musa alikuwa na umri wa miaka 120, naye asingevuka Yordani. Torati ingesomwa mbele ya watu wote kila mwisho wa miaka saba (Kumb. 31:10–13). Lakini wimbo haungoji miaka saba. Mtoto huenda nao machungani na kisimani, na usiku hulala nao. Mungu alijua kwamba Israeli wangekula, wangeshiba, kisha wangemwacha. Hata hapo, wimbo usingesahauliwa vinywani mwa uzao wao.

Wazazi wengine huuliza: Je, ni haki kumtia mtoto maneno kinywani kabla hajaweza kuyapima? Si afadhali tungoje akue, achague mwenyewe? Swali hili tusilipuuze. Mtoto anayeimba juu ya imani huenda bado hajaamini, na wimbo wake tusiuhesabu kuwa ni uongofu. Hata hivyo, kinywa cha mtoto hakikai kitupu. Tusipomfundisha sisi, redio na simu zitamfundisha, nazo haziombi ruhusa. Kumfundisha wimbo si kumchagulia njia. Ni kumwekea akiba, ambayo siku moja ataitumia au ataiacha.

Linganisha 1 Samweli 2:1–10 na Luka 1:46–55. Unaona nini katika nyimbo hizi mbili?

Wimbo wa Mariamu unafanana mno na ule wa Hana. Maneno yaliyokuwa ya mama mwingine, wa zamani sana, yakawa yake siku alipoyahitaji. Paulo na Sila nao waliimba usiku wa manane, miguu yao ikiwa katika mkatale (Mdo 16:24, 25). Gerezani gizani hakuna anayefungua kitabu. Mtu huimba kile kilichomo moyoni tangu zamani.

Lakini tuliangalie vema neno “shahidi.” Mungu alisema kwamba wimbo ule ungeshuhudia mbele ya Israeli, yaani ungewahukumu wale wale wanaouimba. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mzee wa kanisa, niligombana na jirani juu ya mpaka wa shamba. Tulikuwa hatusalimiani. Jioni moja binti yangu, ambaye alikuwa bado chekechea, aliosha vikombe huku akiimba wimbo wa Shule ya Sabato juu ya kumpenda jirani. Akanyamaza, kisha akauliza, “Baba, na yule baba wa ng’ambo ya mchongoma naye ni jirani?” Sikuwa na jibu. Wimbo ule mimi ndiye niliyemfundisha. Kesho yake nilivuka mchongoma. Mpaka ulipopimwa, ilionekana kwamba aliyezidisha hatua mbili ni mimi.

Basi wimbo tunaomfundisha mtoto hutushuhudia sisi kwanza. Kinachoharibu nyimbo kwa watoto si kukosa kinanda wala sauti nzuri. Ni nyumba inayoimba upendo jioni na kuishi chuki asubuhi. Mtoto huyahifadhi yote mawili, na akikua atayalinganisha.

Katika kitabu cha Elimu, kilichotolewa mwaka 1903, Ellen G. White anaeleza kwamba Yesu alipokuwa hapa duniani alikabili majaribu kwa wimbo. Hata usiku ule wa mwisho, aliimba pamoja na wanafunzi wake kabla ya kwenda mlima wa Mizeituni (Mt. 26:30). Aliimba alichokuwa tayari kukiishi.

Juma hili, chagueni wimbo mmoja katika Nyimbo za Kristo kwa ajili ya ibada ya familia. Uimbeni kila jioni, waelezeni watoto maneno yaliyo magumu, kisha waacheni waulize.

Ni wimbo gani wa utotoni ambao hujausahau, na ni nani aliyekufundisha? Je, maisha ya mtu huyo yaliutia nguvu wimbo ule, au yaliudhoofisha? Watoto walio nyumbani mwako watajibuje swali hilo hilo juu yako?