Ufunguo wa Darasa Uko kwa Nani?

Ndugu zangu wa Bujumbura, nasema nanyi nyote: wa Buyenzi na Bwiza, wa Kamenge na Kinama, wa Musaga na Kanyosha, na ninyi mnaotutazama kutoka juu Kiriri. Neno langu la leo limetoka vinywani mwa wazee: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mmelisikia tangu utotoni, na wengi wetu tumeligeuza kisingizio cha kumchoka mgeni. Leo tulisome upya, maana nimekuja kuwaombea wageni. Wageni wenyewe ni watoto wa shule, na mchezo wanaokuja nao ni kriketi.

Namwona mmoja anacheka. Kriketi, Bujumbura? Mji wa Vital'O, mji wa mpira wa miguu na wa kikapu? Cheka, ndugu yangu, lakini usiondoke.

Nianze na usiku mmoja. Zamani kidogo nilifundisha katika shule moja ya mji huu, jina lake naliacha. Tulialika timu ya wavulana kutoka mikoani kwa mashindano ya siku tatu. Barua tuliiandika vizuri, mhuri tukagonga, vitambaa vya rangi tukatundika getini. Basi lao dogo likaingia saa mbili usiku. Darasa la kulala lilikuwa limefungwa, na hakuna aliyejua ufunguo uko kwa nani. Zamu, yaani mlinzi, akasema uko kwa prefe wa nidhamu. Prefe akasema yeye alimwachia zamu. Watoto kumi na wanne wakakaa uani juu ya mifuko yao, mbu wa Imbo wakiwala. Aliyewaona ni mama mmoja aliyekuwa akikaanga maandazi ng'ambo ya barabara. Hakuuliza wametoka mkoa gani, wala hakuuliza nani atalipa. Alivuka na beseni zima, akaliweka katikati yao, akarudi kuzima moto wake. Ilipokaribia saa sita mlango ulifunguliwa. Watoto wakaingia wakiburuta mikeka, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Ushikeni usiku huo. Nitaurudia.

Sasa nawaita tufanye tamasha la kriketi la timu za shule katika mji huu. Nasema tamasha, nasema siku tatu, na sababu yangu ni hii. Timu inayokuja asubuhi na kuondoka jioni inakujua kama mpinzani tu. Ilikuona ukikimbia, ikakuona ukifunga, ikaona mgongo wako. Timu inayolala kwako inajua unavyokoroma, unavyopiga mswaki, unavyosali kabla ya kula, na kwamba wewe pia unamkumbuka mama yako ikifika usiku.

Siku ya kwanza ni ya mkeka na sahani. Ibrahimu, ambaye msikitini na kanisani kote tunamwita baba, aliona wageni mlangoni akawaandalia ndama kabla hajajua ni akina nani. Na Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba haki ya mgeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Basi tusijisifu. Siku tatu hizi tunazoziomba si hisani yetu kwa watoto. Ni deni.

Mtaniuliza, bweni moja lina nguvu gani? Nawajibu kwa Buta. Tarehe 30 Aprili 1997, wavulana wa Seminari Ndogo ya Buta, kule Bururi, waliamriwa kwa mtutu wa bunduki wagawanyike, Wahutu huku, Watutsi huku. Walikataa. Arobaini waliuawa. Sitaongeza neno juu ya damu hiyo, nauliza tu: nguvu ile ya kutoachiana mkono waliipata wapi? Hotuba ya mkutano haikuwapa. Waliipata kwa kulala vitanda vya jirani, kwa kula chungu kimoja, kwa kucheza pamoja jioni, kwa kulelewa na watu waliowaacha waseme waziwazi yaliyokuwa yakiichoma nchi. Nchi nzima ilikuwa inagawanyika, bweni likabaki zima.

Na hapa mjini kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wamisionari Wasaveri walianzisha Kituo cha Vijana cha Kamenge. Vita vikaja, mitaa ya kaskazini ikatengana, mtu akawa haoni usalama kuvuka barabara. Kituo kikaendelea kuwaita vijana wa pande zote kwenye viwanja vyake, na mwaka 2002 kikapewa tuzo ya Right Livelihood. Wazee wa Kamenge, watoto wenu wamecheza pale. Mnajua kwamba uwanja unaweza kufanya kazi ambayo kituo cha polisi hakiiwezi.

Siku ya pili ni ya mchezo, na hapa nimjibu yule aliyecheka. Kwa nini kriketi?

Tazama mpira wa miguu: watu ishirini na wawili wanakimbia dakika tisini, filimbi inalia, kila mtu na njia yake. Kriketi haiko hivyo. Zamu ya timu kupiga ikifika, wawili tu ndio wanaoingia katikati. Tisa waliobaki wako kivulini, chini ya mwembe, na saa nzima mbele yao. Wanafanya nini? Wanapiga soga. Wanakula karanga. Wanamwuliza mtoto wa shule nyingine mwalimu wao mkali anaitwa nani. Mchezo huu umeumbwa na mazungumzo ndani yake, na sisi ni watu tunaohitaji kuzungumza.

Tena kuna jambo dogo ambalo asiyekaa karibu halioni. Kila timu ina mwandishi wake wa mikimbio, ndizo alama za kriketi, na waandishi hawa wawili hawaketi mbalimbali. Wanakaa meza moja, bega kwa bega, kila mmoja na daftari lake. Ova, yaani duru moja ya kurusha mpira, ikiisha wanaulizana: wewe una ngapi? Mmoja akiwa na 43 na mwenzake 44, hawapigani. Wanarudi nyuma mpira kwa mpira mpaka hesabu zikubaliane. Ndugu zangu, nchi yetu imebeba madaftari mengi yasiyokubaliana, kila nyumba na lake, kila mwaka wa maafa na hesabu zake. Nataka watoto wetu wajifunze kuketi meza moja, mpinzani na mpinzani, wakiulizana kwa upole: wewe umeandika nini?

Wala msiseme kriketi ni ya waliotawaliwa na Mwingereza. Rwanda ilitawaliwa na Mbelgiji kama sisi. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, waliorudi kutoka Uganda, Kenya na Tanzania walirudi na mchezo huu, na mwaka 1999 wanafunzi wa chuo kikuu kule Butare wakaunda chama. Hawakuwa na uwanja wa maana. Mei 2016 nahodha wao, Eric Dusingizimana, alisimama kupiga mipira kwa saa 51, usiku na mchana, ili dunia isikie na uwanja ujengwe. Tarehe 28 Oktoba 2017 uwanja wa Gahanga ukafunguliwa. Januari 2023 wasichana wao wenye umri usiozidi miaka 19 walikwenda Afrika Kusini, kwenye Kombe la Dunia la kwanza la rika lao, wakaifunga Zimbabwe, kisha wakaifunga West Indies. Na tangu 2014 wanawake wa nchi mbalimbali hukutana Kigali kwa mashindano ya Kwibuka, siku kadhaa za kriketi za kuwakumbuka waliouawa. Wamechukua mchezo wa mgeni wakaupa kazi ya nyumbani.

Uganda nako, wiki ya kriketi ya shule ni jambo la miaka mingi, na vijana wake, baadhi yao waliokulia vibandani katika mtaa wa Naguru, walifika Kombe la Dunia la ova 20 mwaka 2024 na kuifunga Papua New Guinea. Mti huo ulipandwa shuleni.

Siku ya tatu ni ya jembe. Hapa ndipo tunapokosea. Tukishamlisha mgeni tunamkalisha kwenye kiti cha plastiki mpaka aondoke, halafu tunasema tumemheshimu. Wazee walijua zaidi. Mgeni asiyepewa jembe hajawa wa nyumbani. Basi siku ya tatu tuwape watoto hao lile gongo bapa la kupigia mpira, na ndilo jembe lao, tuwapeleke kwenye vichochoro vya Buyenzi na kwenye viwanja vya vumbi vya Buterere. Kila mgeni akabidhiwe watoto wawili ambao hawajawahi kulishika, awaonyeshe pa kuweka mikono, pa kuweka mguu, namna ya kuungoja mpira udunde. Tuwaache wakunje mkeka wa uwanja, wasaidie kuosha masufuria. Wakirudi kwao watasema tulifanya kazi Bujumbura, na mtu hupapenda mahali alipotokwa na jasho.

Najua mnachokiwaza. Pesa. Haya, tushuke mimbarini tuhesabu pamoja.

Timu nane za watoto kumi na wanne ni watoto 112. Ongeza walimu wawili kwa kila timu, ni watu 128. Milo mitatu ni sahani 384 kwa siku. Wali, maharage, lengalenga, na ndagala wa ziwa letu wenyewe. Je, mji huu ambao harusi moja ya Jumamosi inalisha watu mia nne unashindwa na sahani hizo? Shule ina madarasa, likizo ya kiangazi ina madarasa matupu. Julai na Agosti mvua haipo, na ardhi ni ngumu. Kriketi ya watoto haidai majani ya Uingereza: inadai uwanja wa shule uliofagiliwa mawe na mkeka mgumu wa mita ishirini na kidogo, vijiti vitatu upande huu na vitatu upande ule. Mechi ya ova 20 huchukua kama saa tatu. Jua letu linazama saa kumi na mbili jioni, basi uwanja mmoja ni mechi mbili kwa siku na muda wa kula ubaki.

Lakini sikilizeni, akina baba wa kamati. Tamasha haliharibiki uwanjani. Linaharibika kwa chandarua kilichosahauliwa, kwa choo cha wasichana kisicho na komeo, kwa pipa la maji lililokauka saa nane mchana. Tunazijua foleni zetu za mafuta: mafuta ya basi la kuwarudisha wageni yatafutwe kabla basi halijafika. Pawe na mama mwalimu anayelala upande wa wasichana kila usiku. Pawe na mtu mmoja, mwenye jina, kwa kila jambo moja. Kazi ya wote ni kazi ya mzimu.

Na wageni watoke wapi? Tuanze na shule zetu wenyewe, kisha Gitega, Ngozi, Rumonge, kisha jirani. Mwaka 2024 mpaka wetu na Rwanda ulifungwa, na mambo ya mipaka nawaachia wenye mamlaka. Mimi nasema juu ya milango tunayoishika sisi. Mlango wa darasa haukufungwa na serikali yoyote. Septemba 2022 mji huu ulipokea JAMAFEST, ngoma na wasanii wa Afrika Mashariki nzima, na tukaweza. Tuliweza kwa wakubwa wenye beji shingoni. Tuweze na kwa mtoto wa miaka kumi na mitatu mwenye soksi zilizotoboka.

Nimesema nitaurudia ule usiku.

Miaka ilipita. Siku moja niko sokoni, nanunua vitunguu, kijana mwenye ndevu akaniita mwalimu. Alikuwa mmoja wa wale kumi na wanne. Nikamwuliza kama anakumbuka matokeo ya mechi. Hakuyakumbuka, wala mimi sikuyakumbuka. Akacheka, akaniuliza: "Mwalimu, ule ufunguo ulikuwa kwa nani?"

Ndugu zangu, ulikuwa kwangu. Mchana wa siku ile niliwazungusha wakubwa kuwaonyesha darasa lilivyofagiliwa, nikafunga, nikautia mfukoni mwa koti, nikaenda zangu nyumbani nikala. Walipokuja kuniita usiku nilitia mkono mfukoni nikaugusa, na nilipofika shuleni nikasema nimeupata. Nikamwacha zamu alaumiwe, nikamwacha prefe alaumiwe. Kijana yule alikuwa ameubeba usiku ule miaka yote, na mimi nilikuwa nimeubeba ufunguo.

Nilimwambia ukweli pale pale, kati ya vitunguu na nyanya. Akanitazama kidogo, kisha akaniuliza kama yule mama bado anauza maandazi.

Wazee walisema pia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilidhani ni maneno ya adabu. Sasa najua kuna ugonjwa ambao mwenyeji hauponi mpaka mgeni asimame mbele yake na kumwuliza.

Kwa hiyo, mkuu wa shule unayesoma haya, baba wa kamati, mama wa mtaa, mfanyabiashara wa Asiatique mwenye lori lililolala Jumapili: usiniambie uko tayari kusaidia. Tia mkono mfukoni. Kuna mlango wa darasa, wa ghala la mikeka, wa jiko la parokia, wa ua wa madrasa, ambao ufunguo wake uko kwako na umesahau. Kiangazi kinakuja, na basi dogo litaingia saa mbili usiku. Fungua kabla halijafika.

Amin.