Dhana, Yakini na Uvimbe Adimu wa Tezi Dume

Leiomiosakoma ya tezi dume ni saratani inayoanzia kwenye misuli laini ya tezi hiyo, si kwenye vijitezi vyake ambako karibu saratani zote za tezi dume huanzia. Haifikii hata 0.1% ya saratani hizo. Uadimu huo unazua swali zito la kimaadili: je, ni haki mwili wa mtu mmoja uhukumiwe kwa yale yanayowapata wengi?

Mzee wa Sitalike, kijiji kilicho kando ya Mto Katuma penye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, akianza kukojoa kwa shida, mganga wa zahanati atadhani tezi imetanuka kwa sababu ya umri. Dhana hiyo ni halali. Mafakihi wa Kiislamu hutofautisha shaka, dhana na yakini, na huruhusu mtu atende kwa dhana yenye nguvu pale yakini isipopatikana; bila ruhusa hiyo hakuna tabibu angeweza kutibu. Mgonjwa huwekwa mpira wa mkojo, hupewa dawa, hupimwa kiwango cha PSA, protini ya tezi dume, katika damu.

Hatari huanzia kwenye kipimo hicho. PSA hutengenezwa na seli za vijitezi, misuli haiitengenezi, kwa hiyo uvimbe wa misuli hiyo unaweza kukua haraka na PSA ikabaki ya kawaida. Kusema hana saratani kwa sababu PSA iko chini ni kumtolesha shahidi ushahidi wa jambo ambalo hakuliona.

Yakini hutafutwa kwenye kinyama. Kipande chembamba hukatwa kwa sindano, hulowekwa katika fomalini, hugandishwa katika nta, kisha hukatwa tena na kupakwa rangi. Chini ya hadubini huonekana seli ndefu zilizolala mafungu mafungu yanayokatizana, nyingi zikiwa katika kugawanyika, na sehemu zilizokwisha kufa. Vipimo vya kingamwili huonyesha aktini na desmini, protini za misuli, huku PSA ikikosekana. Hata hapo mpatholojia hupima kwa akili yake, maana baadhi ya vivimbe hivi huonyesha pia keratini, na saratani ya kawaida iliyobadilika sura hufanana navyo.

Kutoka mji wa Mpanda, jirani na Sitalike, hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa uchunguzi huo ni safari ndefu na ya gharama, na ndiyo maana dhana ya kwanza huachwa iwe ya mwisho. Mapokeo ya Kikatoliki yana neno hapa: uhai wa mwingine ukiwa hatarini, rai yenye uwezekano tu haitoshi, ifuatwe njia iliyo salama zaidi. Mafundisho haya mawili hayagongani. Dhana inaruhusu kuanza matibabu, hairuhusu kuacha kutafuta. Mgonjwa asiyepata nafuu, ambaye tezi yake inavimba haraka huku PSA ikiwa ya kawaida, anastahili kuchukuliwa kinyama na kupigwa picha ya CT ya kifua, kwa kuwa leiomiosakoma hupenda kusambaa kwenye mapafu. Sindano za kushusha homoni, zinazosaidia saratani ya kawaida ya tezi dume, haziizuii. Tegemeo kubwa ni upasuaji wa mapema.